Vilima vya Pemba, kutoka Mkoani hadi Kigomasha

Wageni wengi wanaokuja Pemba kwa matembezi hukimbilia pwani. Hushuka bandarini Mkoani au uwanja wa ndege wa Chake Chake, wakapakiwa garini, wakafikishwa moja kwa moja kwenye hoteli ya ufukweni, na siku ya kuondoka wakarejeshwa kwa njia ile ile wakiwa wameiona bahari ya Pemba bila ya kuiona Pemba yenyewe. Siwalaumu, kwa sababu bahari yetu ni nzuri kweli na wapiga mbizi wameisifu duniani kote. Lakini naamini kwa dhati kwamba kisiwa hiki hujulikana kwa barabara yake, ile inayoanzia Mkoani kusini, ikapita Chake Chake na Wete, kisha ikaelekea Konde na Makangale hadi kwenye ncha ya kaskazini ya Ras Kigomasha. Anayeifuata barabara hiyo kwa siku nzima bila ya haraka, akasimama panapostahili kusimamwa, ataelewa kwa nini mabaharia Waarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, na ataelewa pia kwamba ukijani huo haukuja wenyewe.

Pemba haina mlima wa kuogofya. Hatuna Kilimanjaro wala Usambara, na hata kilele cha juu kabisa cha vilima vyetu hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Kinachomshangaza mtu anayetoka Unguja ni wingi wa vilima hivyo na jinsi vilivyobanana. Unguja mtu anaweza kuendesha gari kutoka mjini hadi Makunduchi na asibadilishe gia kwa sababu ya mlima. Pemba gari hushuka bondeni, ikavuka daraja dogo, ikapanda, ikazunguka kona, na kabla dereva hajapumua ikaanza kushuka tena. Sababu ya tofauti hiyo ni ya kale sana. Unguja iliwahi kuungana na bara, na ilitengwa pale maji ya bahari yalipopanda baada ya zama za barafu. Pemba ilijitenga mamilioni ya miaka kabla ya hapo, na mkondo wa bahari uliopo kati yake na Tanga una kina cha mamia ya mita. Upande wa magharibi wa kisiwa umeumbwa kwa mchanga na udongo laini ambao mvua nyingi za huku zimeuchonga kwa miaka na miaka, zikachimba mabonde na kuacha vilima vyenye miteremko mikali, wakati upande wa mashariki ardhi ni tambarare zaidi na sehemu kubwa yake ni mawe ya matumbawe. Ndiyo maana katika kisiwa chenye urefu wa kilomita zisizozidi 70 na upana wa kiasi cha kilomita 22, mtu hupata nchi mbili zisizofanana.

Safari ninayoieleza hapa niliifanya na ami yangu, ambaye alikuwa dereva wa gari za mizigo kwa sehemu kubwa ya umri wake na ambaye amebeba karafuu katika kila kona ya kisiwa hiki. Ilikuwa mwanzo wa msimu, wakati mpunga umekwisha kuvunwa na karafuu za kwanza zimeanza kushuka mitini. Alinipokea bandarini, kwenye ule msongamano wa wachukuzi, mapolo, mabeseni na watoto waliolewa bahari, na kabla hata sijamaliza kumuamkia alikwisha kuchukua mkoba wangu na kuutia garini. Mji wa Mkoani umejengwa kwenye mteremko, kwa hivyo anayeshuka botini huanza kupanda papo hapo. Nyuma yake bahari hubaki chini, mbele yake yapo maduka, hospitali, nyumba za mabati na zile nyumba za ghorofa za enzi za Mzee Karume, ambazo kwangu mimi bado zinastahili heshima kwa kuwa zilijengwa ili mtu wa kawaida apate pa kulala penye choo na maji. Gari za abiria za namba 603, zinazokwenda Chake, zilikuwa zimejipanga kusubiri watu wa boti, na utingo mmoja alikuwa akiita abiria kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Makombeni.

Baada ya Mkoani barabara huingia katika nchi ya mashamba. Katika miaka hii barabara ya Mkoani hadi Chake inajengwa upya, kwa hivyo kuna sehemu ambapo kilima kimekatwa na pande zote mbili umebaki ukuta wa udongo mwekundu, na mtu aliye garini huona wazi jinsi ardhi yetu ilivyo laini: hakuna jabali, ni udongo na mchanga tangu juu hadi chini. Juu ya ukuta huo husimama minazi, mikarafuu, miembe, mifenesi, migomba na mishelisheli, yote pamoja, bila ya mpaka unaoonekana. Mgeni hudhani ni msitu. Ami huwa hakubali neno hilo. Kila niliposema kwamba msitu umependeza, alinyoosha kidole nje ya dirisha na kunitajia: minazi ile ni ya ukoo fulani, mikarafuu ile mitatu imewekwa rehani tangu babu yao, fenesi lile ni la mama mmoja mjane, na mipaka yote hiyo inajulikana na kila mtoto wa kijiji. Tangu siku hiyo sioni tena pori katika vilima vya Pemba. Naona mashamba yaliyopandwa mti mmoja mmoja kwa mkono, na mandhari ambayo isingekuwepo kama watu wasingeitunza.

Kati ya kilima na kilima yapo mabonde, na mabonde ndiyo ghala la wali wetu. Sakafu ya bonde la Pemba ni bapa kabisa, kwa kuwa udongo unaoteremshwa na mvua hujikusanya hapo, na maji ya masika hutulia yakafanya matope mazuri kwa mpunga. Wakati mwingine nilipopita njia hii ilikuwa masika, na mabonde yote yalikuwa ya kijani kibichi kisicho na mfano, wanawake wameinama wakipandikiza miche huku kanga zimefungwa viunoni, na yangeyange weupe wanatembea nyuma yao wakitafuta wadudu. Safari hii mabonde yalikuwa na mabua makavu na ng'ombe waliofungwa kamba wakila kilichobaki. Naona mabonde haya yanapendeza zaidi kuliko vilele, na sijui kwa nini wapiga picha wengi hupita wakitazama juu. Karibu na Mtambile, barabara inaposhuka na kuvuka bonde pana, tulisimama pembeni tukatazama vichuguu vya makapi vilivyoachwa na wapuraji. Ami alinionyesha kwamba bonde lile halina hata ua wala ukuta. Matuta madogo ya udongo, yasiyozidi unene wa mguu, ndiyo yanayotenganisha jaluba la huyu na jaluba la yule.

Mtambile ni njia panda. Anayekata upande wa kusini mashariki hufika Kengeja, kijiji ambacho Wapemba wengi hukikumbuka kwa mchezo wa ng'ombe. Wazee husema mchezo huo ni masalio ya Wareno waliotawala pwani yetu katika karne za 16 na 17. Ng'ombe hauawi, huchokozwa kwa nguo, watu hupiga ngoma na zumari, vijana huonyesha ushujaa wao, na jioni mnyama hurudi bandani kwake. Hatukukata kona siku ile, kwa kuwa haukuwa wakati wake, tukaendelea kaskazini kuelekea Chake.

Harufu hutangulia. Mtu ambaye hajawahi kupita Pemba msimu wa karafuu hufikiri kwamba watu hutia chumvi wanaposema hivyo, lakini kwenye kona moja baada ya Mtambile, kabla hatujaona chochote, gari ilijaa harufu ya karafuu mbichi, kali na tamu kwa pamoja, na ami akapunguza mwendo kwa mazoea. Mbele yetu nusu ya barabara ilikuwa imetandikwa majamvi. Juu ya majamvi zilianikwa karafuu katika rangi zake zote: za kijani zilizochumwa jana, za wekundu wa kahawia zilizokwisha kupata jua, na zile nyeusi zilizokaribia kukauka. Mtoto mmoja wa kiume alikuwa akizigeuza kwa miguu, anakwenda na kurudi kwa hatua za kuburura, na nyayo zake zinaacha mistari juu ya jamvi. "Pole pole yakhe, karafuu hizo!" alipiga kelele mtu mmoja kutoka barazani, na ami akajibu kwa salamu.

Tulisimama. Barazani alikuwa amekaa bibi mmoja na wakwe zake wawili, wamezungukwa na mapakacha yaliyojaa vishada vilivyotoka mtini asubuhi ile. Tulimuamkia, akatuitikia marahaba, akatusogezea mkeka bila ya kutuuliza tunatoka wapi wala tunakwenda wapi, kwa kuwa maswali hayo huja baada ya mgeni kukaa. Walikuwa wakichambua. Karafuu ni ua ambalo halijafunuka. Huchumwa likiwa bado tumba, kwa sababu likishafunuka thamani yake huanguka. Hutoka mtini katika kishada chenye vikonyo vingi, na kazi ya kuchambua ni kuzitenga tumba na makonyo yake. Bibi alikuwa akikishika kishada kwa mkono wa kulia, akikigandamiza na kukisokota kidogo kwenye kiganja cha kushoto, na karafuu zote zinadondoka kwa pigo moja, kisha anatupa makonyo upande wa pili bila ya kutazama. Nilijaribu kumfuata kwa macho nikashindwa, kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vyepesi. Viganja vyake vilikuwa vimegeuka rangi ya hudhurungi kwa utomvu na mafuta, na alituambia kuwa hata akioga mara ngapi harufu haitoki mpaka msimu uishe. Makonyo nayo hayatupwi: hukaushwa, huuzwa, na hupelekwa kwenye kiwanda cha Wawi, karibu na Chake, yakakamuliwa mafuta.

Kazi ya juu ya mti ni ya hatari zaidi. Mkarafuu mkubwa hupanda juu sana na matawi yake ni mepesi kuvunjika, kwa hivyo mchumaji hupanda na kamba, akajifunga kwenye shina, akavuta matawi ya mbali kwa ngoe na kukata vishada akivitia kwenye pakacha. Kila mwaka vijana huanguka. Hulipwa kwa pishi, na katika vijiji vyenye mikarafuu mingi huja wachumaji kutoka pande nyingine za kisiwa wakapiga kambi hadi msimu umalizike. Mwaka ambao mikarafuu imezaa vizuri, Pemba nzima hubadilika: harusi hufungwa, nyumba huezekwa mabati mapya, madeni hulipwa. Kisha mti hupumzika, na kwa mwaka mmoja au miwili mavuno huwa haba. Mnunuzi ni mmoja kwa mujibu wa sheria, nalo ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kila mkulima anayeanika karafuu kando ya barabara hii hujua bei ya daraja la kwanza kabla hajajua habari nyingine yoyote ya siku hiyo.

Mti huu wenyewe ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi. Sultani Seyyid Said alipoona faida yake alihimiza upandwe kwa wingi, na vilima vya Pemba, vyenye udongo wenye kina na mvua nyingi kuliko Unguja, vikaufaa. Kabla ya hapo vilima hivi vilikuwa na misitu mikubwa. Waliokata misitu hiyo, wakachimba mashimo, wakapanda na kuchuma, wengi wao walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, na haifai mtu kupita hapa akausifu uzuri wa miteremko hii bila ya kuwataja. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, lakini Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu wakati huo Pemba ndiyo imekuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, mikarafuu ilibaki na mikono ikabidi ilipwe. Hapa Pemba, tofauti na Unguja, mashamba mengi yalikuwa tayari madogo madogo na mikononi mwa wenyeji, na ndiyo maana hata leo mtu hurithi mikarafuu saba au kumi na kuigawa kwa watoto wake, mti huu kwa huyu na ule kwa yule.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lina uhusiano wa moja kwa moja na macho ya msafiri. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, na mizee hufa. Bibi yule alituonyesha nyuma ya nyumba mikarafuu iliyosimama mikavu, matawi yake meupe hayana jani, na kando yake miche michanga yenye urefu wa goti iliyozungushiwa makuti ili mbuzi wasiifikie. Serikali hugawa miche bure kila mwaka, alisema, lakini mche haukui kwa kugawiwa; unataka kumwagiliwa kiangazi, kuwekewa kivuli na kupaliliwa, na vijana wake wawili wako Dar es Salaam wanauza nguo. Aliyabeba mwenyewe maji ya miche ile kutoka kisimani.

Chake Chake tuliipita haraka kuliko inavyostahili. Mji umekaa juu ya mgongo wa kilima, na upande wa magharibi ardhi inateremka ghafla hadi kwenye hori ndefu yenye mikoko, ambayo zamani majahazi yaliingia ndani yake kwa maji makubwa. Ngome kongwe ya mji sasa ni makumbusho, na mtu mwenye saa moja ya ziada aingie, kwa kuwa humo ataona habari za Ras Mkumbuu, Pujini na miji mingine ya kale ya kisiwa hiki ambayo leo ni magofu. Sisi tulikula wali kwa samaki wa nazi kwenye mkahawa ulio karibu na soko, tukaswali adhuhuri, tukaendelea.

Kutoka Chake hadi Wete zipo njia mbili, na ushauri wangu ni kwamba kwenda upite ile ya zamani. Ina urefu wa kilomita 22 na kitu, inapita juu ya migongo ya vilima vya magharibi, na gari za namba 606 ndizo zinazoitumia. Kwa muda mrefu ilikuwa njia mbovu, yenye lami iliyochunika na mashimo yaliyowachosha wagonjwa na akina mama waliokuwa wakikimbizwa hospitali. Sasa imejengwa upya na kupanuliwa, na nimefurahi, kwa sababu hakuna mandhari yenye thamani ya kumchelewesha mzazi njiani. Hata hivyo katika kupanua miti mingi ya kando iliondoka, na zile sehemu ambapo matawi ya miembe ya pande mbili yalikutana juu ya barabara zimebaki chache. Ningependa sana kuona kingo zile zikipandwa tena, tena kwa miembe na mikarafuu, siyo kwa miti ya mapambo isiyo na tunda wala faida. Kona zenyewe zimebaki. Kwenye kona moja, kilima kinapofunguka upande wa kushoto, huonekana mabonde matatu yakifuatana kuteremkia baharini, la kwanza lina mpunga, la pili lina minazi na la tatu limejaa mikoko, na zaidi ya hapo ni maji ya hori yanayong'aa na visiwa vidogo.

Kabla ya kufika Wete tulikata kona kwenda Kidike, kijiji kinachojulikana kwa popo. Popo wa Pemba ni wakubwa, mabawa yao yakinyooshwa hufikia upana wa mita moja na nusu na zaidi, wana manyoya ya rangi ya dhahabu kifuani, na hawapatikani mahali pengine popote duniani. Walikuwa wakiliwa, na misitu waliyolala ilikatwa, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walihofia kwamba watatoweka kabisa. Wanavijiji wa sehemu kadhaa, Kidike wakiwa miongoni mwao, walianzisha klabu za uhifadhi katika miaka ya 1990, wakazuia uwindaji, na hesabu ya mwaka 2007 ilikuta zaidi ya popo 20,000 kisiwani. Tuliwakuta alasiri wakining'inia kwenye miti mirefu, wakijipepea kwa mabawa kwa sababu ya joto, na wakigombana kwa kelele. Mzee aliyetuongoza, ambaye ami alimwita shekhe kwa heshima, alieleza kwamba popo hula maembe, mashelisheli na matunda ya mivule, kisha hutawanya mbegu usiku kwenye miteremko yote hii. Nikamwambia ami kwamba basi hawa nao ni wakulima. Aliridhika na kauli hiyo.

Wete tulinunua halua na kunywa kahawa bila ya kukaa sana. Mji huu, kama Mkoani, umeinuka kutoka bandarini, na ng'ambo ya maji yake iko Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za kale, nyingi za fedha. Wakati mwingine nitaandika habari za Mtambwe peke yake.

Baada ya Wete vilima huanza kulegea. Kuelekea Konde mashamba huwa mapana zaidi, mihogo huongezeka na mikarafuu hupungua, na mtu anaweza kudhani kwamba uzuri wa safari umekwisha. Si mbali kutoka Konde barabara huingia Ngezi. Hapa ndipo mtu huona kilichokuwepo kabla ya karafuu. Jua hukatika ghafla, hewa inakuwa ya ubaridi na harufu ya majani yaliyooza, na pande mbili za barabara husimama miti ambayo shina lake haliwezi kukumbatiwa na watu wawili. Mivule ipo, na mpapindi, aina ya mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba peke yake, na chini yake miti midogo, kamba za miti na mimea ya kivuli iliyosongamana hata jicho haliendi mbali. Msitu uliobaki ni wa hekta zipatazo 1,400 tu, na hata huu uliwahi kukatwa mbao wakati wa ukoloni kabla ya kuhifadhiwa. Kima punju waliopo humu walihamishwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Wakaazi wa tangu na tangu ni wale wa usiku, hasa bundi wa Pemba, ambaye naye hayupo popote pengine duniani.

Tulizima gari na kushuka. Mlinzi wa msitu alitupeleka kwenye njia ya miguu, akatuonyesha kijito cha maji safi na mahali ambapo mti mkubwa ulianguka mwenyewe na mahali pake pakaota miche kadhaa inayoshindania mwanga. Ami, ambaye katika safari nzima alikuwa akinitajia mwenye mti huu na mwenye mti ule, hapa hakutaja jina la mtu yeyote. Alipapasa gome la mvule mmoja kwa muda, kisha akasema kwamba baba yake alimsimulia kuwa vilima vya kwao, huko Mkoani, babu zao waliambiwa vilikuwa hivi hivi. Nadhani ni hapa, baada ya kuipita barabara yote, ndipo mtu anaweza kupima ukubwa wa kazi iliyofanywa katika kisiwa hiki: kuondoa msitu wa namna hii kwenye kila kilima, na kuuweka mwingine wa kupandwa badala yake.

Baada ya msitu barabara hupita Makangale na kufika kwenye rasi. Mnara wa taa wa Kigomasha ulijengwa na Waingereza mwaka 1900, ni wa chuma, na ngazi zake 95 huzunguka ndani ya mnara mwembamba. Juu kuna upepo mkali. Mashariki huonekana ufukwe wa Vumawimbi, kusini yapo makuti ya minazi na ukingo mweusi wa Ngezi, na bahari imezunguka pande zote isipokuwa hiyo ya kusini. Mtu anayetaka kujua umbo la ncha ya kisiwa hatapata pahala bora zaidi.

Kurudi tulipita njia ya mashariki, kutoka Konde hadi Chake kwa kupitia Ole. Ni barabara iliyonyooka, ya haraka, na inafaa kwa anayewahi boti. Kwa anayetaka kufanya safari hii, msimu mkubwa wa karafuu huanzia katikati ya mwaka na huendelea hadi karibu na mwisho wake, na wakati huo ndipo vijiji vina pilika na harufu. Anayependa mabonde ya mpunga aje masika, lakini awe tayari kwa mvua ya siku nzima. Gari ya kukodi hupatikana Chake, na asiyetaka kukodi apande 603 kisha 606, ambazo husimama kila kijiji na kumpa mtu nafasi ya kuzungumza na wenyeji. Asipige picha ya karafuu za mtu wala ya mtu mwenyewe kabla ya kusalimia na kuomba ruhusa. Akikuta majamvi barabarani apunguze mwendo na apite upande uliobaki, hata kama gari ya nyuma inapiga honi. Akitoka kusini kwenda kaskazini akae upande wa kushoto, ambako ndiko yaliko mabonde yanayoteremkia kwenye hori, na akitaka kununua karafuu za kupeleka nyumbani azinunue kwenye maduka yenye risiti, kwa kuwa karafuu zisizo na karatasi hukamatwa bandarini.